Umaarufu Hupimwa kwa Mizani Ipi? Siti, Suri na Nyota wa Leo

Katika familia za Waomani wenye asili ya Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki, hususan zile zilizotua Ibra, Sur na Nizwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na baada ya Oman kufungua milango yake mwaka 1970, upo ubishi usiokwisha kila muziki unapotajwa. Wazee husema kwamba baada ya Siti binti Saad hakuna mwimbaji. Wajukuu hujibu kwa tarakimu: mwaka 2020 Diamond Platnumz alitangazwa kuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kutazamwa mara bilioni moja kwenye YouTube; je, Siti alisikilizwa na wangapi? Ubishi huu huchukuliwa kuwa porojo za barazani. Hata hivyo, ndani yake mna suala zito la uhakiki, yaani maana ya umaarufu, na suala zito zaidi kwa jamii hizo, yaani hatima ya Kiswahili katika nyumba ambazo Kiarabu ndicho lugha ya shule, kazi na msikiti.

Kosa la upande wa wazee ni kudhani kwamba magwiji wa zamani walipaa kwa kipaji peke yake, ilhali nyota wa leo wanabebwa na mitambo na biashara. Historia haiungi mkono dhana hiyo. Siti, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa watumwa na kuanza maisha kwa kuuza vyungu, alikuwa na sauti adhimu. Lakini kilichomtoa Unguja kikamfikisha pwani nzima ni safari ya Bombay ya mwaka 1928, pale yeye na wenzake waliporekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Kampuni ile haikumwita kwa mapenzi ya sanaa. Ilitafuta wanunuzi wa santuri katika soko ambalo halikuwa na sahani za Kiswahili. Kwa hiyo Siti alikuwa msanii wa kisasa kwa kipimo cha zama zake: alitumia chombo kipya kabisa, akaingia mkataba na kampuni ya kigeni, na jina lake likasafiri mbali kuliko miguu yake. Anayemlaumu kijana wa leo kwa kutegemea simu na intaneti hana budi kuilaumu santuri pia.

Mfano wa pili umo Sharqiyah kwenyewe. Salim Rashid Suri, mwana wa Sur aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa baharia kabla ya kujulikana kama mwimbaji, na hata leo Waarabu wa Ghuba humwita baharia mwimbaji. Naye alipata jina lake Bombay, alikorekodi katika miaka ya 1930 nyimbo za sauti, ule utanzu wa Ghuba unaoimbwa kwa udi. Baadaye alihamia Bahrain na kuanzisha kampuni yake mwenyewe ya santuri, Salimphone, kisha akarejea Oman katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Sultan Qaboos na kufariki mwaka 1979. Hapa mlinganisho na wakati wa sasa unajileta wenyewe. Mwimbaji kumiliki kampuni inayorekodi muziki si jambo lililozuliwa Dar es Salaam na lebo ya Wasafi. Mtu wa Sur alishalifanya. Bombay, kwa Siti na kwa Suri, ilikuwa kile ambacho mtandao ni kwa nyota wa leo: mahali pa mbali ambapo sauti ya mtu wa pwani hugeuzwa bidhaa, kisha ikarudishwa kwao ikiwa na hadhi mpya.

Kosa la upande wa vijana ni la aina nyingine: kudhani kwamba hesabu ni umaarufu. Hesabu ya YouTube huonyesha ni mara ngapi video imefunguliwa. Haionyeshi kilichobaki baada ya kufungwa. Sahani moja ya santuri ilihesabiwa mara moja tu dukani, lakini ilisikilizwa na ua mzima, na aliyeisikia aliweza kuimba beti zake kwa jirani asiye na santuri. Mizani hizi mbili hazipimi kitu kimoja, na kuziweka tarakimu zake bega kwa bega ni sawa na kulinganisha pishi na wari.

Dakhiliyah inatoa ushahidi wa mizani ya tatu. Nizwa ni mji wa wanazuoni wa Kiibadhi, ambao aghalabu wameitazama ala ya muziki kwa tahadhari. Heshima huko ilikuwa ya mshairi na msomaji. Abu Muslim al-Bahlani, mzaliwa wa bonde la Mahram katika eneo hilohilo, aliishi Zanzibar sehemu kubwa ya maisha yake, akawa kadhi, akahariri gazeti la Al-Najah lililoanzishwa mwaka 1911, na kufia huko mwaka 1920. Kaside zake za Kiarabu zimedumu kwa kuhifadhiwa moyoni na kusomwa kwa sauti, bila udi wala fidla. Zaidi ya miaka 100 imepita, na mashairi yake bado yanatajwa nyumbani kwao. Huo ni umaarufu usiohitaji mtambo. Unahitaji kikao, mwalimu na mwanafunzi.

Kwa mwanga huo inafaa kuitazama upya kazi ya Siti. Nyimbo zake nyingi zilitokana na visa ambavyo wasikilizaji wake wa Ng'ambo walivijua. "Kijiti", kwa mfano, inahusu mauaji ya mwanamke mgeni mjini Unguja, mtuhumiwa aliyetorokea bara, na sheria iliyowageukia wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Wimbo wa namna hii hauishi kwa sauti peke yake. Unamlazimu msikilizaji aulize: nani huyu, kisa gani, fumbo hili linamlenga nani? Kijana wa Ibra anayeusikia leo hataelewa kitu mpaka amwendee bibi yake. Kumbe ugumu wake ndio unaokifanya Kiswahili kisemwe baina ya vizazi viwili.

Wimbo wa nyota wa leo hufuata njia iliyo kinyume. "Komasava" ya Diamond, iliyotoka mwaka 2024, imejengwa juu ya salamu za lugha mbalimbali, na ndiyo maana inaelea popote bila mkalimani. Huo ni ustadi, wala haufai kubezwa. Tena una faida ambayo wazee hawaikiri: kwa mjukuu aliyezaliwa Sur au Nizwa, ambaye Kiswahili amekisikia kama lugha ya simulizi za huzuni na ya mali iliyopotea, Bongo Fleva inakitambulisha kuwa lugha ya vijana, ya mapenzi na ya fahari. Bila Diamond na Zuchu, huenda wengi wao wasingetaka kukisikia kabisa. Lakini lugha inayofika kwa wepesi wa kutohitaji maelezo hufika ikiwa imepungukiwa na mafumbo, na bila mafumbo Kiswahili cha pwani hubaki maneno matupu.

Wasanii wenyewe wanaonekana kulielewa hili kuliko mashabiki wao. Katika "Waah!" ya mwaka 2020 Diamond alimkaribisha Koffi Olomide, gwiji wa kizazi kilichomtangulia. Zuchu, katika mkusanyiko wake wa kwanza mwaka huohuo, aliimba "Mauzo" pamoja na mama yake mzazi, Khadija Kopa, malkia wa taarabu. Hawakushindana na waliotangulia. Waliwaomba idhini ya kurithi.

Kwa hiyo hukumu ya haki ni ya sehemu mbili. Katika kuenea, nyota wa leo wameshinda, na hakuna sababu ya kuwanyima ushindi huo. Katika kudumu, kesi haijaiva: "Number One" ya Diamond ilitoka mwaka 2013 tu, ilhali sahani za Siti zimekwisha kuvuka miaka 90. Kinachoweza kuamuliwa sasa ni matumizi. Rekodi za Siti nazo zimo YouTube, na watazamaji wake ni wachache mno zikilinganishwa na za Diamond. Lakini zimekaa pale bila maelezo, na wanaoweza kueleza mafumbo yake, wazee wa Ibra, Sur na Nizwa waliokulia Unguja, wanapungua kila mwaka. Ubishi wao na wajukuu ungekuwa na tija kubwa zaidi kama ungeacha swali la nani mkubwa, ukaanza na ubeti mmoja wa Siti na swali la maana yake, wakati wa kujibu bado wapo.