Tafuta Mhuri, Usitafute Jina

Mpira ulifika ukiwa mpya, mweusi, bado una harufu ya dukani. Uliagizwa kwa jina: mpira wa dirisha la mbele la trela la kulala la Eriba Puck. Rafiki yangu, mtu wa Tanga aliyehamia kusini mwa Ujerumani, alilipa bila kusita maana jina lilikuwa ndilo. Tulipouvika, mfereji wa kushika kioo ukawa mpana kuliko kioo chenyewe kwa milimita 1. Kwa macho si kitu. Kwa maji ya mvua ni barabara kuu.

Aliurudisha, akachukua wembe. Kwenye mpira wa zamani, uliokuwa umekakamaa kama ukuti mkavu, alikata kipande cha sentimita 1, akakisimamisha juu ya karatasi na kukizungushia penseli. Mchoro ulionyesha kila kitu: mfereji mmoja wa kushika bati la bodi, wa pili wa kushika kioo, na kijia chembamba cha kuingizia ukanda wa kukazia. Akapima kila mfereji kwa kalipa, akaandika namba pembeni. Safari ya pili aliagiza kwa vipimo hivyo. Jina la trela hakulitaja kabisa.

Naanza na mpira huo kwa sababu kosa lake ndilo linalowakwamisha wengi wanaofufua matrela ya kulala ya Ulaya. Wanatafuta spea kwa jina lililoandikwa ubavuni. Jina hilo linakwambia nani aliyeunganisha vipande. Nani aliyevitengeneza ni habari nyingine, nayo imepigwa mhuri kwenye kipande chenyewe, chini ya grisi na kutu.

Mtu wa ndege na mwana wa karakana

Jina Eriba limetokana na Erich Bachem. Huyu alikuwa mhandisi wa ndege. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alibuni Natter, ndege ya roketi iliyorushwa ikiwa imesimama wima, na kiwanda chake kilikuwa Waldsee, mji mdogo ambao leo unaitwa Bad Waldsee. Iliporushwa na mtu ndani, tarehe 1 Machi 1945, rubani alikufa. Miaka 12 baadaye Bachem alishirikiana na Erwin Hymer, kijana ambaye baba yake alikuwa na karakana katika mji huohuo, wakaanza kuunda trela la kulala. Bachem alifariki 1960. Hymer aliendeleza kazi, na matrela ya aina ya Touring yakabeba majina ya viumbe wa hadithi za Ulaya: Puck, Faun, Pan, Troll. Puck ndilo dogo kuliko yote.

Akili ya ndege inaonekana kwenye mwili wake. Matrela mengi ya enzi ile yalijengwa kama kibanda: fito za mbao, plaiwudi ndani, bati la alumini nje. Eriba lilijengwa kwa mifupa ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, kisha likavikwa ngozi ya alumini. Paa lake huinuliwa mkifika kambini, kitambaa kikiziba pande, na hushushwa wakati wa safari ili upepo upite juu bila kugombana na trela. Ndiyo maana hata gari dogo liliweza kulivuta.

Ujenzi huo unaamua namna ya kulifufua. Trela la fito za mbao likivuja, mbao huoza, kuta hulegea, na mnunuzi huona mwenyewe. Eriba likivuja, mabomba huliwa na kutu kimyakimya huku nje pakimeta. Tena chuma na alumini vikigusana penye unyevu, kunazuka mkondo mdogo wa umeme unaoila alumini na kuigeuza unga mweupe. Mwenye Land Rover ya zamani anaujua ugonjwa huu: bodi ya alumini juu ya vyuma, na unga mweupe ukichomoza kwenye maungio. Dawa ni ileile pia. Kutu yote inakwanguliwa, chuma kinapigwa rangi ya msingi, na kati ya metali hizo mbili unawekwa ukanda usiopitisha unyevu.

Maji kwanza, urembo baadaye

Trela la rafiki yangu lina zaidi ya miaka 50. Kazi ya kwanza ilikuwa kujua maji yanaingilia wapi. Alikaa ndani akabonyeza plaiwudi kwa kidole gumba, shubiri kwa shubiri, kuanzia chini ya madirisha hadi pembe za sakafu. Penye afya, ubao unasukuma kidole. Penye maji, unazama kama mkate uliochovywa chai.

Sehemu mbaya zilikuwa mbili: chini ya dirisha la mbele, na kando ya reli ya alumini ambayo hema hutelezeshwa humo. Reli hiyo imefungwa kwa skrubu nyingi, na kila skrubu ni tundu kwenye bodi. Mmiliki mmoja wa zamani aliona inavuja akapaka silikoni juu yake. Kosa hilo limeua matrela mengi kuliko ajali. Silikoni ikibanduka upande mmoja huyashika maji ndani badala ya kuyazuia nje, na mabaki yake hayakubali rangi wala gundi nyingine. Ilibidi reli yote ing'olewe, silikoni ikwanguliwe hadi bati lionekane tupu, kisha reli irudishwe juu ya utepe wa butili, ule wa kunata usiokauka, ambao hufuata bati linapotanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi.

Plaiwudi iliyooza aliitoa vipandevipande, lakini hakutupa hata kimoja. Alivipanga sakafuni kama mtu anayeunganisha chungu kilichovunjika, akavitumia kama kiolezo cha kukatia ubao mpya. Mchoro wa kiwanda hakuwa nao, na hakuuhitaji: ubao uliooza bado unajua umbo la trela.

Mafungu matatu ya spea

Baada ya kufungua kila kitu, aligawa vilivyoharibika katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vipande vyenye mhuri: ekseli, beringi, breki, kiungio cha kuvutia, taa, hita, jokofu. Karibu vyote hivyo kampuni za matrela zilivinunua kwa wengine. Ekseli na viungio vingi vya Ujerumani vilitoka kwa watu kama AL-KO, kampuni iliyoanzishwa na Alois Kober mwaka 1931. Hita nyingi zilitoka Truma. Kwa hiyo ekseli ya Eriba inaweza kuwa pacha wa ekseli iliyo chini ya trela la mizigo la mkulima, na spea yake ikapatikana kwa muuza matrela ya ng'ombe aliye kijiji cha pili.

Hapa fundi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, angekuwa nyumbani. Mpe beringi chakavu, ataisugua kwa kitambaa chenye dizeli, ataielekeza kwenye mwanga na kusoma namba. Ikiwa ni 30206, hana haja ya kuuliza gari. Mbili za mwisho, 06, zidisha kwa 5: tundu la ndani ni milimita 30. Namba hiyo ikitoka kiwanda cha Ujerumani au cha Japani, beringi ni ileile, ya milimita 62 kwa nje. Mtu anayeagiza "beringi ya Puck" analipia jina. Anayeagiza 30206 analipia chuma.

Taa nazo zinasema. Taa za zamani za Ujerumani zina alama ya mawimbi matatu, kisha herufi K na namba ya kibali. Za baadaye zina E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi. Taa yenye alama hiyo ina ukoo, na ukoo unatafutika. Mara nyingi utaikuta kwenye lori au trekta la miaka ileile.

Ekseli ndiyo iliyotupa kazi. Ilikuwa ya aina ya mipira: bomba la nje, ndani yake bomba jembamba lililogeuzwa pembe, na katikati kamba za mpira zilizobanwa ambazo hufanya kazi ya springi. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu na mkono wa gurudumu unalegea, hadi tairi inakaribia kugusa bodi. Hiyo haitengenezeki gereji, maana kamba zile hushindiliwa ndani kiwandani kwa mitambo. Unaagiza nyingine, na mwenye kuuza atakuuliza mambo matano: uzito inaobeba, umbali kati ya vishikio vinavyofungwa kwenye chasisi, umbali kutoka uso wa gurudumu hadi uso wa gurudumu, pembe ya mkono, na mpangilio wa boliti. La tano wengi hulisahau, na kuna la sita lililojificha ndani yake: kiti cha boliti. Kuna boliti zenye shingo ya mviringo kama mpira na kuna zenye shingo ya koni. Ukizichanganya zitakaza vizuri gereji, kisha zitalegea barabarani.

Fungu la pili ni vitu vya kipimo: mipira ya madirisha, reli, ribiti, kitambaa cha paa. Havina mhuri, lakini vina umbo, na umbo likishachorwa linaagizika. Ndipo ule wembe na penseli vinapofanya kazi.

Fungu la tatu ni vile ambavyo trela hilo tu linavyo. Madirisha ya plastiki ya akriliki ndiyo magumu zaidi. Yamekunjwa kufuata mviringo wa bodi, na dirisha la Puck haliingii kwenye Troll. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchinja: kutafuta trela lililoliwa na kutu hadi haliponi, ukachukua madirisha, bawaba na vitasa vyake. Ya pili ni kuunda upya. Dirisha la zamani, hata likiwa na nyufa, hutumika kutengeneza kalibu. Bamba jipya hupashwa moto hadi kama nyuzi 160 za Selsiasi likalainika, kisha hulazwa juu ya kalibu na kuachwa lipoe taratibu. Likipozwa haraka hubaki na mvutano ndani, na mvutano huo siku moja hutoka kama nyufa. Ndiyo sababu akriliki haifutwi kwa spiriti: spiriti huuamsha mvutano uliolala, na dirisha zima hujaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui.

Rafiki yangu alichagua kuchinja. Alimpata mzee mmoja mwenye Puck lililokuwa limegeuzwa banda la kuku. Madirisha yalikuwa machafu lakini mazima. Mzee alikataa kuyauza peke yake. "Chukua lote au acha lote," alisema. Akalichukua lote, na kuku wakahamia kwingine.

Mahali pasipo na ujanja

Kuna vitu viwili ambavyo kusoma namba hakutoshi. Gesi ni cha kwanza. Matrela ya zamani ya Kijerumani yalitumia mgandamizo wa milibari 50. Ya leo Ulaya hutumia 30. Jiko la 30 likilishwa 50, mwali huruka kupita sufuria. Hita ya 50 ikilishwa 30, mwali hudhoofu na chumba hakipati joto. Kila kifaa kina kibao chenye namba yake, na kidhibiti cha mtungi lazima kilingane nayo. Baada ya hapo fundi mwenye cheti ndiye anayeruhusu mtungi ufunguliwe. Hita inawaka karibu na kitanda cha mtoto. Hapo hapana kubahatisha.

Cha pili ni vumbi. Viatu vya breki vya zamani, na mbao za kuzuia moto nyuma ya hita, mara nyingi vilikuwa na asbesto, ambayo Ujerumani iliipiga marufuku mwaka 1993. Ngoma ya breki ya zamani haipulizwi kwa upepo wa kompresa, wala ubao ule hausuguliwi kwa msasa. Vinaloweshwa, vinafungwa kwenye mfuko, na kupelekwa kunakopokelewa taka za sumu.

Umeme ulikuwa mwepesi kwa kulinganisha. Plagi ya zamani ya pini 7 ina mpango wake: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu ni breki, na nyeupe ndiyo athi. Taa zilipowaka zote kwa pamoja kila breki ilipokanyagwa, hatukufungua taa hata moja. Tulisugua ncha ya waya mweupe, na tatizo likaisha.

Nusu saa ya bomba la maji

Mpira wa pili ulifika baada ya wiki mbili. Tuliupaka maji ya sabuni, tukaingiza kioo, tukavuta mdomo wa mpira kwa kamba iliyozungushwa kwenye mfereji, na mwisho tukapitisha ukanda wa kukazia. Safari hii kioo kilikaa kwa mlio mfupi, kama kifuniko cha chupa ya achari kinapofunga.

Nilisimama nje nikamwaga maji ya bomba juu ya dirisha kwa nusu saa. Yeye alikaa ndani, kiganja kikiwa juu ya plaiwudi mpya. Nilipozima bomba alitoka, akanionyesha kiganja. Kikavu.

Kisha alifungua daftari lake. Mna namba za beringi, vipimo vitano vya ekseli pamoja na kile cha sita, rangi za waya, na milibari za kila kifaa. Kwenye ukurasa wa dirisha la mbele amebandika kile kipande cha mpira cha sentimita 1, na chini yake ameandika milimita za kila mfereji. Ukurasa wa kwanza una sentensi moja tu: siku trela hili litakapouzwa, daftari linaondoka nalo.