Mikono ya Nani? Uhakiki wa Mazoezi ya Vibainishi na Vimilikishi vya Kiingereza katika Nchi ya Chai

Makala hii inahakiki aina moja tu ya zoezi. Ni zoezi linalofahamika kwa kila aliyepita katika shule ya msingi nchini Kenya: sentensi za Kiingereza zimepangwa kwa nambari, katika kila sentensi pameachwa pengo, na mwanafunzi anatakiwa alijaze kwa "a", "an" au "the". Ukurasa unaofuata mapengo ni yale yale, ila safari hii hujazwa kwa "my", "your", "his", "her", "its", "our" au "their". Maneno ya ukurasa wa kwanza nitayaita vibainishi, na yale ya ukurasa wa pili vimilikishi. Nimewachagua watoto wa Kericho na Bomet kwa sababu wengi wao huja shuleni na Kipsigis, lugha ambayo katika jambo hili ina mengi ya kutufunza. Na kwa sababu katika mashamba makubwa ya chai, ambako Wakipsigis, Wagusii, Wajaluo na Waluhya wamefanya kazi bega kwa bega, Kiswahili humfikia mtoto kabla ya kitabu. Sentensi za Kiingereza nitakazozitumia nimezitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wa mazoezi hayo, ili nisimtwike mwandishi mmoja lawama ya wote.

Maelezo ya kawaida ya makosa ya watoto hawa ni mafupi mno: lugha za Kiafrika hazina vibainishi, kwa hiyo Mwafrika hana budi kuvikosea. Maelezo hayo ni masalio ya isimu linganishi ya miaka ya 1950 na 1960, hasa baada ya Robert Lado kuchapisha Linguistics Across Cultures mwaka 1957, ambapo walimu walifunzwa kutabiri makosa ya mwanafunzi kwa kulinganisha lugha yake na ile anayojifunza. Mbinu yenyewe si mbaya. Ubaya ni kulinganisha bila kuitazama lugha ya mwanafunzi.

Mwaka 1909 A. C. Hollis, katika kitabu chake The Nandi, alieleza kwamba nomino za Kinandi, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kipsigis, zina maumbo mawili: moja halina kibainishi, na jingine lina kibainishi kilichoambikwa mwishoni. Mtoto ni "lakwa" katika umbo la kwanza na "lakwet" katika la pili. Mtu ni "chi" na "chito". Hivyo basi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita kilikuwapo kitabu kilichodai kwamba watu wa nyanda hizo wanacho kibainishi, tena cha kuambikwa kama kile cha Waswidi. Msomaji mwenye haraka angeishia hapo akatangaza ushindi dhidi ya wale wasemao kwamba hakuna. Lakini Hollis naye alipima kwa kipimo cha kwao. Mwulize msemaji wa Kipsigis neno la kutajia mtoto, atakujibu "lakwet", wala hana mtoto yeyote maalumu akilini mwake. Umbo lenye kiambishi ndilo la kawaida. Lisilo na kiambishi ndilo lenye mipaka ya matumizi. Ndiyo maana A. N. Tucker na M. A. Bryan walipendelea kusema tu umbo la kwanza na umbo la pili. Taaitta Toweett naye, mwana wa Kericho aliyepata kuwa Waziri wa Elimu, aliichambua lugha yake katika A Study of Kalenjin Linguistics, kitabu kilichotoka mwaka 1979 na ambacho kingepaswa kuwa mezani pa kila mwandishi wa vitabu vya Kiingereza anayekusudia kuwauzia watoto wa huko.

Joseph Greenberg, katika makala yake ya 1978 juu ya asili ya alama za jinsia katika lugha, alitupatia njia ya kulifahamu jambo hili. Kionyeshi hugeuka kibainishi. Kibainishi huenea katika matumizi hata kikawa karibu kila mahali. Mwishowe hubaki kuwa alama tu ya kwamba neno ni nomino. Kiambishi cha Kipsigis kimekwisha kusafiri mbali katika njia hiyo. "The" ya Kiingereza, ambayo nayo ilizaliwa na kionyeshi, ingali katikati ya safari. Kwa hiyo si kweli kwamba mtoto wa Bomet hana kitu hapo ambapo Mwingereza ana kitu. Anacho, ila kimebadilika kazi. Nionavyo mimi, yeye huja darasani amezoea nomino iliyokwisha kukamilika, yenye mkia wake, kisha anakutana na nomino ya Kiingereza iliyo uchi, ambayo haisimami bila kutanguliwa na kitu. Kumwambia kwamba lugha yake "haina" ni kumfunza uongo juu ya lugha zote mbili.

Kiswahili nacho husemwa hakina. Kama maana ni kwamba hakina neno moja lisilokosekana mbele ya nomino, ni kweli. Lakini msimulizi yeyote huanza na "mtu mmoja", na mtu huyo akirudi huwa ni "yule mtu". E. O. Ashton alilitambua hili katika sarufi yake ya 1944, kwamba kionyeshi kikitangulia nomino huikaribia kazi ya "the". Tena tunacho kiambishi cha yambwa: "nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu" si habari moja. Mtoto anayejua tofauti ya sentensi hizo mbili ameshalifahamu lile ambalo zoezi la mapengo linadai kumfundisha, na hakuna anayemwonyesha kwamba analifahamu.

Sasa tulitazame zoezi lenyewe. "___ man is standing near ___ door." Jibu ni lipi? Pengo la kwanza laweza kuwa "a" au "the", na la pili pia, kwa kutegemea kama msikilizaji anamjua mtu huyo na mlango huo. Hilo halimo katika sentensi. Limo katika mazungumzo ambayo mtunzi wa zoezi ameyakata akayatupa. Mwalimu husahihisha kwa orodha ya majibu iliyo nyuma ya kitabu, na mwanafunzi hujifunza kubahatisha. Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya shahada ya uzamili niliketi darasa moja na Warusi na Wajapani, ambao lugha zao kweli hazina vibainishi, nao waliyafanya mazoezi ya namna hii kwa miaka bila ya kupona. Hakuna aliyesema kwamba ubongo wa Mrusi una upungufu.

Kuna kasoro nyingine iliyo ya nchi ya chai hasa. Katika vitabu vingi "tea" ni kinywaji kilicho kikombeni: si "a tea", bali "a cup of tea". Lakini kwa mtoto wa Kapkoros au Tirgaga chai ni kichaka, ni jani, ni mzigo mgongoni, tena ni karo ya shule. "My mother is picking ___ tea": pengo likiachwa wazi ni sawa, na likiwekwa "the" ni sawa, kama ni ile chai ya shamba tunalolijua. Kanuni ya kuchuma, majani mawili na chipukizi, Waingereza wa mashambani waliitamka "two leaves and a bud". Hiyo "a" ni zao la neno lenye maana ya moja, na mtoto anayechuma anaijua hesabu yake vidoleni: mawili na moja. Mfano huu uko nje ya dirisha la darasa, lakini aghalabu kitabu humpa tofaa na mwavuli.

Ukurasa wa pili, ule wa vimilikishi, una matatizo mazito zaidi. Katika Kipsigis kimilikishi huambikwa mwishoni mwa nomino: "-nyu" kitu changu kikiwa kimoja, "-chuk" vikiwa vingi, kwa nafsi ya tatu "-nyi" na "-chik". Kiswahili hupatanisha kimilikishi na ngeli: kitabu chake, vitabu vyake, nyumba yake. Katika lugha hizi mbili umbo hubadilika kwa kumfuata anayemilikiwa, na mwenye mali, awe mume au mke, haulizwi. Kiingereza hufanya kinyume: hakijali vitu vikiwa kimoja au kumi, bali hutaka kujua kama mwenyewe ni mwanamume, mwanamke au kitu.

Chukua basi kosa ambalo walimu hulilalamikia sana: "Chebet loves his father." Mwalimu husema mtoto hajui kama Chebet ni msichana. Anajua vizuri mno. Jina lenyewe linasema. Yawezekana amefanya jambo la busara, yaani amekipatanisha kimilikishi na anayemilikiwa, kama alivyozoea katika lugha zake zote mbili, na kwa kuwa baba ni mwanamume ameandika "his". Mfaransa hufanya hivyo kila siku katika lugha yake wala haadhibiwi. Lakini yawezekana pia kwamba mtoto ameshika "his" kuwa umbo la pekee la nafsi ya tatu, kama "-ake" isiyotambua jinsia. Namna ya kuamua ni rahisi: mpe na sentensi ya pili, "Chebet loves ___ mother." Akiandika "her" hapa na "his" kule, anapatanisha na anayemilikiwa. Akiandika "his" kote, ana umbo moja tu. Makosa haya mawili yanahitaji tiba mbili tofauti, na zoezi la pengo moja haliwezi kuyatenganisha.

Hapa sharti niongeze tahadhari. Katika Kiswahili cha bara husikika "kitabu yangu, vitabu zangu", ambapo ngeli zimepotea na umoja na wingi umebaki, sawasawa na "-nyu" na "-chuk". Mtu angeshawishika kusema kwamba huo ni mkono wa Kipsigis. Siamini, kwa sababu usemi huo husikika vile vile kwa watu ambao lugha zao za kwanza zina ngeli tele.

Kisha kuna viungo vya mwili. "Kiprono washed ___ hands." Kwa Kiswahili Kiprono alinawa mikono. Ni mikono ya nani tena kama si yake? Ukisema "alinawa mikono yake" unamfanya msikilizaji ashangae kidogo, kana kwamba palikuwa na mikono mingine. Vivyo hivyo amevunjika mguu, na kichwa kinamwuma, mwenye kichwa akitajwa ndani ya kitenzi. Kiingereza husisitiza "his hands", "her leg", "my head". Mtoto aandikaye "washed the hands" ametambua kwamba mikono inajulikana, akachagua alama ya kujulikana. Ni hoja kamili, na hupewa sifuri.

Tena kuzigawa kurasa mbili ni kosa. "Chebet is the tallest girl in ___ class" hukubali "the", "her", "our" na "my". Katika ukurasa wa kwanza "our" ni kosa; katika ukurasa wa pili "the" ni kosa. Kinachofichwa ndicho kanuni yenyewe: katika Kiingereza kibainishi na kimilikishi hugombea kiti kimoja, na mmoja akikaa mwingine husimama. Kiswahili hakina ugomvi huo, husema "kile kitabu changu" bila taabu, na ndiyo asili ya "that my book" inayopigwa mstari mwekundu kila wiki.

Mtihani wa KCPE, uliodumu tangu 1985 hadi 2023, angalau uliweka mapengo ndani ya kifungu kizima, ingawa majibu yalikuwa ya kuchagua. Mtaala wa umilisi, uliofika katika madarasa ya mwanzo nchini kote mwaka 2019, unataka lugha ya eneo itumike mpaka gredi ya tatu. Tume ya Gachathi ilikuwa imeshapendekeza lugha ya mama kwa madarasa ya chini mwaka 1976. Lakini kufundisha kwa Kipsigis mpaka gredi ya tatu, kisha kufungua ukurasa wa mapengo kana kwamba Kipsigis hakikuwapo, ni kuitumia lugha kama ngazi na kuitupa.

Ningependekeza zoezi la namna hii. "A woman carried a basket to the buying centre. The clerk weighed her leaf and poured the leaf into the lorry." Karani ametajwa kwa mara ya kwanza, mbona ana "the"? Kwa sababu kila kituo cha kupimia kina karani wake. Na hapo ndipo "yule karani" ya Kiswahili isingefaa, na mwanafunzi aone mpaka wa ulinganisho. Na mbona majani yaliyokuwa "her leaf" kwenye mizani yamekuwa "the leaf" yakiingia kwenye lori? Mwanafunzi aruhusiwe kujibu kwa Kipsigis au kwa Kiswahili, na alama zitolewe kwa sababu aliyoitoa, si kwa neno alilolijaza peke yake. Wakaguzi watauliza jinsi ya kusahihisha majibu ya namna hiyo kwa maelfu. Katika mtihani wa taifa sharti kwanza wasahihishaji wafunzwe. Katika zoezi la darasani, lenye wanafunzi hamsini na mwalimu anayeijua lugha yao, hakuna kinachozuia.