Sekunde Tano za Kelvin Kiptum

Tarehe 23 Aprili 2023, London, Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni ya pili maishani mwake. Nusu ya kwanza aliimaliza kwa dakika 61 na sekunde 40, akiwa katikati ya kundi. Nusu ya pili akatumia dakika 59 na sekunde 45. Alishinda kwa saa 2:01:25, na Geoffrey Kamworor, aliyekuwa pamoja naye katika kundi hilo, akafika karibu dakika tatu nyuma yake.

Tugawe namba hizo kwa kilomita. Katika nusu ya kwanza kila kilomita ilimchukua takriban dakika 2 na sekunde 55. Katika ya pili, dakika 2 na sekunde 50. Tofauti ni sekunde tano tu. Wengi husikia kwamba "alianza taratibu" wakadhani alijikokota, kumbe alijizuia kidogo mno, ila hakuacha kujizuia kwa zaidi ya saa nzima. Kwangu, huo ndio ufundi mgumu kuliko yote katika mbio ndefu, na ndio ambao mtu anayekimbia kwa afya yake anaweza kuuiga bila kuwa na mapafu ya Kiptum.

Sababu iko kwenye misuli. Ukienda kasi, mwili hutumia zaidi sukari iliyohifadhiwa misulini na kwenye ini, na akiba hiyo ina kikomo. Ukienda kwa kiasi, mafuta ya mwili hubeba sehemu kubwa zaidi ya kazi. Tatizo ni kwamba kilomita za mwanzo hudanganya: miguu ina nguvu, pumzi bado haijalalamika, na kasi isiyofaa huonekana rahisi kabisa. Deni hudaiwa baadaye. Mkenya mwenzake Eliud Kipchoge aliweka rekodi ya dunia Berlin 2022 kwa mpangilio wa kinyume, dakika 59:51 kisha 61:18, lakini huyo ni Kipchoge. Oktoba 2023, Chicago, Kiptum alirudia njia yake, 60:48 kisha 59:47, akaishusha rekodi hadi 2:00:35. Miezi minne baadaye ajali ya gari ilimchukua, akiwa na miaka 24 tu. Bado inaniuma.

Sasa tuje Rubaya, katika eneo la Masisi, mashariki mwa Kongo. London ni tambarare kwa sehemu kubwa. Masisi ni milima juu ya milima. Hapa kuhesabu dakika kwa kilomita ni kujitesa bure, kwa kuwa kasi ile ile inayokutosha bondeni itakumaliza mlimani, tena kwenye hewa nyembamba ya nyanda za juu. Kipimo kiwe pumzi. Ukiweza kutamka sentensi nzima kwa mwenzako, uko sawa. Ukibaki na neno moja moja, punguza, hata ikibidi kutembea. Anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yenye viazi hapigani na mlima: huinama, hufupisha hatua, kisha huiachia mteremkoni. Mkimbiaji afanye hivyo hivyo kwenye kupanda. Kwenye kushuka, hapana. Hapo misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki, na anayejiachia leo atashuka ngazi kwa shida kesho. Hatua ziwe fupi na nyepesi, mwili usiegemee nyuma.

Kuhusu njia, usalama utangulie. Tangu waasi wa M23 waliposhika Rubaya mwaka 2024, na hata kabla ya hapo, mtu anayekimbia alfajiri peke yake barabarani anaweza kueleweka vibaya. Kimbieni wawili au watatu, kweupe, mahali mnapojulikana.

Kubaki karibu na mnapojulikana kunafaa hata kwa mazoezi yenyewe. Usipime kwa kwenda na kurudi, maana kwenda kunaweza kuwa kupanda tupu na kurudi kushuka tupu, saa ikakusifia bila haki. Chagua mzunguko mfupi wenye kilima chake, uzunguke mara mbili kwa upande ule ule. Mzunguko wa kwanza ukichukua dakika 30, uwiano wa Kiptum wa London unadai wa pili uchukue 29 na sekunde chache. Ukichukua 33, usiongeze mazoezi wala usitafute viatu vipya. Wiki ijayo anza ule wa kwanza kwa dakika 31, uone wa pili utakuwaje.