Ahadi ya Kionjo: Vuta N'kuvute kutoka Riwaya hadi Filamu

Mhakiki wa riwaya hupewa kitabu kizima, na hana udhuru wa kutoa hukumu kabla ya kuufikia ukurasa wa mwisho. Mhakiki wa filamu mpya huwa katika hali nyingine. Filamu hutanguliwa na kionjo, yaani vipande vichache vya picha na maneno vilivyounganishwa ili kuwavuta watazamaji, na mara nyingi maoni huwa yamekwisha kukomaa hali filamu yenyewe ingali haijaonyeshwa. Athari za desturi hii zinaweza kuchunguzwa kwa kuitazama Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, ambayo chimbuko lake ni riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1999.

Katika riwaya, Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa mzee Raza. Msomaji huandamana naye hadi Mombasa, akauona upweke wake katika nyumba ya mume asiyempenda, kisha akashuhudia anavyotoroka, anavyorejea Unguja na kukataliwa na jamaa zake. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo. Denge, kijana mpinzani wa utawala wa Kiingereza, anaingia katika maisha yake baada ya hayo yote.

Filamu imeubadili mpangilio huo. Humo Denge anakutana na Yasmin usiku, bibi harusi akiwa njiani kupelekwa kuolewa. Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba filamu ya saa moja na nusu haiwezi kubeba safari zote za riwaya, na kwamba kufupisha si kosa. Hata hivyo, kilichoachwa nacho kina maana yake. Adam Shafi amejenga dhamira ya ukombozi kwa hatua: kwanza msichana anajiamulia mwenyewe, kisha anafadhiliwa na mwanamke mwenzake wa tabaka na asili nyingine, na hatimaye anaijua siasa. Umoja wa wanyonge unaanza chumbani kwa Mwajuma kabla haujafika kwenye mikutano ya siri. Mwanamume anapotangulizwa, ukombozi wa Yasmin huelekea kuonekana kuwa tunda la mapenzi.

Hapa ndipo kionjo kinapohusika. Kionjo hakina nafasi ya upweke wala ya uamuzi unaoiva polepole. Huhitaji wapendanao, hatari na askari, tena kwa haraka. Filamu iliyoanza kwa mkutano wa usiku imeanza pale ambapo kionjo kingependa kuanzia. Si lazima mtungaji awe amekusudia hivyo. Ila soko la filamu lina kanuni zake, na kanuni hizo zinaweza kuugusa muundo wa kazi kabla ya tangazo lake kutungwa.

Pamoja na hayo, filamu hii ina sifa ambayo kionjo hakiwezi kuionyesha ipasavyo, nayo ni lugha. Mazungumzo yake ni ya Kiswahili, na Tanzania iliiteua iwanie tuzo ya Oscar ya mwaka 2023. Mtazamaji wa ng'ambo husoma tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Tafsiri hiyo humpa habari, lakini haimwelezi nani amemwita mwenziwe bwana, nani amenyimwa heshima hiyo, wala lafudhi ipi imetoka mtaa gani. Katika Unguja ya miaka ya 1950 mambo hayo ndiyo yaliyopambanua matabaka. Kazi ya kuyaeleza ni ya wataalamu wa Kiswahili, na wakiiacha itafanywa na wasioisikia lugha.

Riwaya hii imesomwa katika shule za sekondari za Tanzania. Hapana shaka kwamba wako wanafunzi watakaoiona filamu kabla ya kukisoma kitabu, na wengine watakaotosheka na kionjo. Mwalimu asiwakataze. Awape vyote vitatu, awaulize ni katika kipi Yasmin anafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, na ni nani aliyekuwa akimngoja nje.