Kitabu Kikitembea, Watu Hupata Nafasi

Maktaba ya Oodi, iliyofunguliwa katikati ya jiji la Helsinki tarehe 5 Desemba 2018, ina ghorofa tatu, na vitabu vimepangwa ghorofa ya juu. Ghorofa ya kati ina cherehani, mashine za kuunda vitu vya plastiki kwa kompyuta, studio za kurekodi muziki na vyumba vya vikundi kukutania. Ya chini ina mkahawa, ukumbi wa sinema na ukumbi wa mikutano ya hadhara. Vitabu vyenyewe ni 100,000 hivi. Kwa jengo lililogharimu karibu euro milioni 98, idadi hiyo ni ndogo, na anayepima maktaba kwa urefu wa rafu zake atajiuliza fedha zilikwenda wapi. Jibu ni kwamba nyuma ya rafu za Oodi zimo rafu za maktaba nyingine zote za Helsinki na za miji mitatu jirani, na msomaji huagiza kitabu kutoka popote kati ya hizo kwa kadi ileile. Kwa kawaida, kushirikiana vitabu na kuendesha shughuli za jamii huzungumzwa kama mipango miwili, kila mmoja na bajeti yake na afisa wake. Nikiangalia namna Wafini walivyofanya, naona ni mpango mmoja: vitabu vikishirikiwa, nafasi inapatikana, na nafasi hiyo ndiyo inayoifanya maktaba iwe mahali pa watu.

Mtandao wenyewe unaitwa Helmet, kifupisho cha jina la Kiingereza la maktaba za eneo la jiji kuu, na neno hilohilo kwa Kifini lina maana ya lulu. Unaunganisha Helsinki, Espoo, Vantaa na Kauniainen, miji yenye jumla ya wakazi zaidi ya milioni 1.2. Tofauti kati yao ni kubwa. Helsinki ni mji mkuu, ilhali Kauniainen ina watu wapatao 10,000 na imezungukwa na Espoo pande zote. Hata hivyo hakuna mji uliomezwa. Kila mmoja una baraza lake, bajeti yake na wakutubi wake, na kila kitabu kina mji unaokimiliki. Walichokiunganisha ni vitu vitatu tu: katalogi, kadi, na kanuni za kuazima na kurudisha. Mtu huazima kitabu Vantaa asubuhi, akakirudisha Espoo jioni akitoka kazini, na hapo wajibu wake umekwisha. Kukifikisha kinapotakiwa ni kazi ya maktaba. Katika mpango huu nimeona swali moja limetenganishwa na jingine kwa makini sana: nani anamiliki kitabu, na kitabu kiko wapi leo. Maktaba zetu nyingi hapa Afrika Mashariki huyajibu maswali hayo kwa jibu moja, na hapo ndipo kitabu kinapokwama.

Kati ya vitu hivyo vitatu, katalogi ndiyo kazi ngumu kuliko zote, ingawa ndiyo isiyopigwa picha siku ya uzinduzi. Tuchukue mfano wa karibu. Maktaba mbili jirani zina vitabu vya Shaaban Robert. Ya kwanza imemwandika chini ya herufi R, kwa desturi ya kutanguliza jina la mwisho. Ya pili imemwandika chini ya S, kama watu wanavyomwita. Ukiziunganisha orodha hizo bila kuzisafisha, kompyuta itaona waandishi wawili, kila mmoja na nusu ya kazi zake, na msomaji atakayepata nusu moja ataamini ndiyo yote. Tatizo ni lilelile kwa mwandishi aliyetumia jina la ubini katika toleo moja na jina la ukoo katika jingine, au kwa kitabu cha fasihi ya Kiswahili ambacho maktaba moja imekipa namba ya Dewey 896.392 na nyingine imekiweka kwenye kabati la hadithi bila namba. Katika mfumo wa pamoja kila toleo huwa na maelezo yake mara moja tu, na chini yake huorodheshwa nakala zote zilizopo, kila nakala na msimbo wake, tawi lake na hali yake: iko rafuni, imeazimwa, au iko njiani. Ili kufika hapo lazima wakutubi wa pande zote wakae meza moja wakubaliane jinsi ya kuandika jina, mwaka, toleo na mada, kisha wazirekebishe rekodi zao za zamani. Ni kazi ya miezi mingi isiyo na shangwe, na mradi unaoiruka huishia kununua programu ghali inayoonyesha vurugu ileile kwenye skrini nzuri zaidi.

Baada ya katalogi huja usafiri. Vitabu vilivyoagizwa hutolewa rafuni, hupangwa kwenye makasha kwa jina la tawi na kupakiwa kwenye magari yanayozunguka matawi kwa ratiba. Kwa kuwa gari linapita hata hivyo, kuongeza kitabu kimoja kwenye kasha hakuongezi gharama yoyote ya maana. Mbinu ya pili inayotumika Helsinki inapunguza hata safari hizo: vitabu vingi havina tawi la kudumu, hukaa pale viliporudishwa hadi msomaji mwingine avihitaji. Mbinu hii ina kasoro yake, kwa kuwa vitabu vya aina moja hurundikana tawi moja na tawi jingine likabaki tupu, kwa hiyo lazima mtu au programu ifuatilie mlundikano na kuusawazisha. Kwa vitabu vinavyotakiwa kwa nadra kuna suluhisho la nchi nzima, ghala la taifa lililoanzishwa mjini Kuopio mwaka 1989, ambalo hupokea nakala ambazo maktaba hazina nafasi nazo na kuziazimisha kwa yeyote atakayezihitaji. Mkutubi wa tawi dogo anaweza kuondoa kitabu rafuni bila kujiona mharibifu, kwa sababu hajamnyang'anya msomaji kitu.

Hapo ndipo nafasi inapozaliwa. Tuseme matawi 20 kila moja limeweka nakala ya kitabu cha ufugaji wa nyuki, na kila nakala huazimwa mara moja au mbili kwa mwaka. Nakala tatu zinazotembea zingewatosha wasomaji wote hao. Nakala 17 zilizobaki zinakula fedha ambazo zingenunua vitabu vingine, na zinakula rafu. Ukizidisha hesabu hiyo kwa maelfu ya vitabu, rafu nzima zinaondoka, na zilipokuwa panawekwa meza. Finland haikuacha jambo hili kwa utashi wa kila mkurugenzi. Sheria ya maktaba iliyoanza kutumika Januari 2017 inazipa maktaba za umma wajibu wa kutunza vitabu na kukuza usomaji, na kwa uzito huohuo wajibu wa kutoa mahali pa kujifunzia, kufanyia kazi, burudani na shughuli za kiraia, pamoja na kukuza mazungumzo katika jamii. Sheria hiyohiyo inataka kuazima na kuagiza vitabu vya maktaba kuwe bure. Hata kabla ya sheria hiyo, Espoo ilikuwa imeweka maktaba ya Sello ndani ya jengo la maduka, mahali ambapo watu wanapita tayari.

Pingamizi la kwanza msomaji wa huku atakalolitoa ni utajiri: Finland ina fedha, sisi hatuna. Ni pingamizi la haki, lakini historia yetu wenyewe inalipunguza nguvu. Mwaka 1948, kabla ya kompyuta na barabara za lami kuenea, lilianzishwa shirika la East African Literature Bureau lenye makao Nairobi, likazihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Pamoja na kuchapisha vitabu, lilituma makasha ya vitabu vijijini na kuwafikia wasomaji mmoja mmoja kwa njia ya posta. Huo ulikuwa mkusanyiko wa pamoja unaotembea, uliovuka mipaka ya nchi. Baada ya uhuru kila nchi iliunda bodi yake, Tanganyika kwa sheria ya 1963, Uganda ya 1964 na Kenya ya 1965. Uamuzi huo ulikuwa wa lazima na ulituletea maktaba nyingi, lakini tulipogawana vitabu tulipoteza pia desturi ya kuvizungusha. Na huko Garissa nchini Kenya, tangu 1996, ngamia wa huduma ya maktaba za taifa wamekuwa wakiwapelekea wafugaji vitabu, ngamia mmoja akibeba makasha mawili yenye jumla ya vitabu 400 hivi. Kama kitabu kinaweza kufika kwa wafugaji kwa mgongo wa ngamia, hakishindwi kuvuka barabara tatu mjini.

Pingamizi la pili ni la viongozi: mdogo atamnyonya mkubwa, au vitabu vitapotea. Mfumo wa pamoja una dawa ambayo mfumo wa upweke hauna, nayo ni hesabu. Kila safari ya kitabu inarekodiwa, kwa hiyo mwisho wa mwaka inajulikana mji upi uliazimisha zaidi na upi uliegemea jirani, na makubaliano ya gharama yanaweza kujengwa juu ya takwimu hizo. Upotevu nao upo kila mahali. Tofauti ni kwamba katalogi safi inamjua aliyekishika kitabu mara ya mwisho, ilhali daftari la kaunta likilowa mvua halimjui mtu.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Katika miji yetu wengi huja maktaba kusomea mtihani kwa madaftari yao wenyewe, na kitabu wanachokitaka ni kilekile kwa wote. Mwezi ambao kila mwanafunzi wa kidato cha nne anatafuta riwaya ya mtihani, hakuna katalogi itakayoziongeza nakala. Hilo ni kweli. Kushirikiana kunatibu uhaba wa aina za vitabu, hakutibu uhaba wa kitabu kimoja kinachotakiwa na wote siku moja. Dawa ya huo ni kununua. Lakini wanafunzi haohao wanatuonyesha kinachokosekana zaidi, nacho ni kiti, meza na taa, na hivyo ndivyo vinavyopatikana vitabu visivyoguswa vikihamishiwa ghala la pamoja.

Mashariki mwa Nairobi pana mahali pa kuanzia. Maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, ziko chini ya kaunti na zimekarabatiwa na shirika la Book Bunk kwa kushirikiana na kaunti hiyo. Si mbali nazo ipo maktaba ya Buruburu iliyoanzishwa na huduma ya maktaba za taifa. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo mlango wa kisheria wa mazungumzo uko wazi. Nawaomba wenye mamlaka juu ya maktaba hizo tatu waanze na orodha moja safi ya vitabu vyote walivyo navyo, kadi moja inayotambulika kwenye kaunta zote tatu, na bodaboda yenye kasha inayozunguka mara mbili kwa wiki. Wafanye hivyo kwa mwaka mmoja, wahesabu rafu zilizobaki wazi, kisha waweke viti hapo.