Kumcheka, Kumchekea, Kutaniana: Sarufi ya Vitenzi vya Dhihaka

Kamusi zetu mara nyingi hueleza neno la dhihaka kwa neno jingine la dhihaka. Atafutaye maana ya kukejeli huelekezwa kwenye kudhihaki. Atafutaye kudhihaki hurejeshwa alikotoka. Makala haya yanashikilia kwamba tofauti za vitenzi hivi hudhihirika katika sarufi kuliko katika visawe.

Tuangalie cheka. Katika sentensi "Juma anacheka" hapana lawama. Tukisema "Juma anamcheka Wafula", kiambishi cha yambwa kimeingia na kicheko kimekuwa dhihaka. Kiingereza hapo huhitaji kihusishi. Kiswahili hutosheka na yambwa. Lakini "Juma anamchekea Wafula", kwa kauli ya kutendea, ni bashasha, au hata kudekeza, kama ijulikanavyo na kila aliyesikia kwamba ukimchekea nyani utavuna mabua. Kutania nako kwataka mwenzi: watu hutaniana, na jina mtani humfaa kila mmoja wa wawili hao. Kubeza hupokea hata kitu kisicho na uhai, kama vile juhudi au ushauri. Kusimanga kwahitaji fadhili iliyotangulia. Kusuta kwahitaji uongo wa kufichuliwa.

Sasa tuupime uchambuzi huu kwa Kiswahili cha Bungoma na cha Kitale, mji uliokua katikati ya mashamba ya walowezi wa Kizungu. Huko husikika "anacheka mimi" mahali pa "ananicheka". Wako wenzetu wanaoifanyia stihizai sentensi hiyo, nao hulaumu lugha ya mama. Lawama hiyo haina msingi wa kutosha. Kibukusu kina viambishi vyake vya yambwa, na kitenzi chake khuchekha ni ndugu wa kucheka kwetu. Kudondosha kiambishi ni tabia ya Kiswahili cha bara kwa jumla, na ilikuwa tabia ya Kisetla pia, yaani Kiswahili ambacho walowezi walitumia kuwaamrisha watumishi wao. Aidha, asemaye "anacheka mimi" bado anaweza kuitofautisha na "anachekea mimi". Tofauti ya dhihaka na bashasha imebebwa na mnyambuliko, nao haukupotea.

Je, basi, kiambishi hakina kazi? Kinayo. "Wanacheka watoto" yaweza kuwa na maana kwamba watoto wanacheka, au kwamba watu fulani wanawafanyia watoto dhihaka. "Wanawacheka watoto" huondoa utata huo mara moja. Hiyo ndiyo hoja ambayo mwalimu wa Bungoma anastahili kupewa ampe mwanafunzi wake. Mwanafunzi aliyechekwa mbele ya wenzake hujifunza kunyamaza. Aliyeonyeshwa sentensi mbili zenye maana mbili ana sababu ya kukitumia kiambishi.

Kwa watunga kamusi tunapendekeza kwamba kila kitenzi cha jamii hii kielezwe kwa mambo matatu: yambwa ya namna gani hupokelewa, kauli ipi hugeuza maana, na ni tukio gani sharti litangulie. Kisawe kifuate baada ya hayo, wala kisiwe badala yake.