Kitenzi "Safisha" na Visawe Vyake vya Kiingereza

Mfasiri aletewaye taarifa ya maendeleo kutoka Handeni au Korogwe hana budi kukutana na kitenzi safisha. Shamba limesafishwa, lambo limesafishwa, maji yamesafishwa. Akifungua kamusi hupewa "clean", na pengine "purify", kisha huachwa hapo. Neno la kwanza ni pana mno kwa shughuli hizi. La pili, likitumiwa ovyo, ni la hatari.

Tuchukue lambo. Handeni ni wilaya yenye ukame, na malambo yake hunywesha watu na mifugo. Kusafisha lambo ni kuzoa tope lililojaa chini, ili mvua zikija lipokee maji mengi zaidi. Kiingereza kina kitenzi mahsusi kwa kazi hiyo, nacho ni "desilt". Mfasiri akiandika "purify", afisa wa afya asomaye kwa Kiingereza ataamini kwamba maji ya lambo hilo sasa ni salama kunywa, ilhali kilichoondolewa ni tope tu. Basi huenda kijiji kilichohitaji dawa ya maji kikaachwa nje ya orodha.

Habari ya maji ya bomba ni nyingine. Maji ya Mto Pangani yaendayo Handeni hutoka upande wa Korogwe, na maji ya mto hayafai kunywewa kama yalivyo. Kwa kawaida mtambo wa maji hugandisha tope kwa shabu likatuama, ukachuja, kisha ukatia klorini ya kuua vijidudu. Kiswahili cha taarifa huziita hatua zote hizo kusafisha. Kwa kazi nzima tunapendekeza "treat". Kwa kuchuja, "filter". Kwa kutia klorini, "disinfect". Maji yaliyochujwa yakang'aa yaweza bado kuwa na vijidudu, kwa hiyo mfasiri asiyejua ni hatua gani iliyofanywa yampasa kumwuliza mwandishi kabla ya kuchagua. Wapo siku hizi waandikao "kutibu maji" kwa kuifuata "treat" neno kwa neno. Hatuwaungi mkono: maji hayaugui. Heri waseme wazi kwamba yametiwa klorini.

Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe shida ni ndogo. Kusafisha pori jipya ni "clear". Kusafisha kati ya mistari ya mkonge ni "weed", ingawa kupalilia lingetosha tangu mwanzo. Singa zilizotoka korona na kukauka juani husafishwa kwa brashi, na hapo "brush" ndilo neno la kazi.

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Handeni, mchimbaji aoshaye mchanga kwenye karai husema anasafisha dhahabu. Hiyo si "refine", ambayo ni kazi ya kiwanda na hugusa kiwango cha usafi wa madini na bei yake. Ni "wash" au "pan".

Limebaki moja, nalo limewashinda wengi. Handeni ina sifa ya waganga, na waganga husafisha nyota. Kuiandika "clean the star" ni kumchekesha Mwingereza bila kumweleza kitu. Hapa tusitafute kisawe. Mfasiri aeleze kwa maneno kadhaa kwamba mteja anaondolewa nuksi, na neno nyota aliache kwa Kiswahili.